Mkono Kwenye Tawi la Mndimu

Mzee Masoud Azzam aliingia kituoni Jumatano asubuhi na kanzu nyeupe, miwani ya jua, na kashata zilizofungwa kwa gazeti. Akasema amekuja kwa mambo mawili, kuchukua kamera yake na kunishukuru. Kashata nikapokea. Kamera nikamweleza kuwa ni kielelezo cha kesi, haitoki mpaka mahakama iseme. Shukrani sikuuliza ni za nini. Kazi yetu hii shukrani ni haba, na ukipewa hurudishi.

Alikuwa amerudi juzi tu kutoka Muscat, alikokwenda kutolewa mtoto wa jicho. Akaketi, akavua miwani, akanitazama uso mzima kama anasoma tangazo ukutani, kisha akasema nina sura ya upole kuliko ile sauti yangu ya kwenye simu. Nikacheka. Kashata ilikuwa mdomoni.

"Basi ahsante, mwanangu Benedicta," akasema. "Ahsante kwa kumtoa yule fundi wangu. Mwambie aje amalizie kazi, mlango mpaka leo umeegeshwa ukutani."

Ikabidi nimeze ile kashata kwanza. Nikamwambia fundi Venance hajatoka. Yuko mahabusu Segerea, na leo ni siku ya thelathini na tisa.

"Kakaaje ndani? Si nilikwambia alikuwa kwangu? Si nilikwambia utazame kamera?"

"Nilitazama, mzee. Hiyo kamera ndiyo iliyompeleka."

Na ni kweli, wala sikuwa na aibu kulisema siku hiyo. Jumamosi ile ghala la mbao liliungua pale Keko, nyuma ya mabanda ya mafundi. Moto ulishika saa nne na robo asubuhi. Saa hiyo tulikuwa na uhakika nayo, kwa sababu mlinzi wa ghala, Suleiman, alipiga simu ya kuomba msaada huku akimwona mtu anakimbia kutokea mlango wa nyuma. Alimwona mgongo tu, na ovaroli ya bluu. Kisha Suleiman akarudi ndani kuokoa mashine ya randa, akaungua mikono yote miwili. Hadi naongea na Mzee Masoud, alikuwa bado analishwa uji na mkewe.

Ovaroli ya bluu Keko ni sawa na kusema mtu mwenye miguu miwili. Lakini Venance alikuwa na ovaroli ya bluu na maneno ya kuongezea. Yeye na mwenye ghala waligombana wiki mbili kuhusu nani aweke kibanda chake upande wa barabara, na siku moja akaropoka mbele ya mafundi wote kwamba iko siku jamaa ataona moshi. Watu kumi na mmoja walimsikia. Jumapili tukamkamata akitoka kanisani.

Maelezo yake yalichekesha chumba kizima, na mie ndiye niliyecheka kwa sauti kuliko wote. Alisema Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi alikuwa Tandika, nyumbani kwa Mzee Masoud, muuza duka, kufunga mlango wa jikoni. Kabla hajatoboa hata tundu moja mzee akamwita uani, akamwambia amshikie tawi la mndimu, upepo usilitikise, kuna kipepeo anataka kumpiga picha. Akashika tawi karibu saa nzima. Nikamuuliza, mtu mzima na akili zako unashika tawi saa nzima kwa ajili ya kipepeo? Akajibu kwamba mzee alimwomba vizuri.

Nikapiga simu Muscat. Mzee akakiri, ndiyo, fundi alikuwa kwake Jumamosi na tawi alilishika. Saa ngapi? Akasema saa yeye hazishiki kichwani, kila picha imeandikwa saa yake, nitazame kamera, kamera haina sababu ya kudanganya. Binti yake Wahiba, ambaye siku ile alikuwa dukani na hakuona chochote, akatuletea.

Picha ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Kipepeo mweusi mwenye madoa ya njano kwenye tawi, na chini yake kidogo mkono wa mtu. Nyuma kote kumeyeyuka na kuwa kijani kitupu, hujui kama ni ukuta au ni mbuyu. Lenzi ndefu ndivyo ilivyo, kilicho kwenye umbali iliolengwa inakikata kama wembe, kilichobaki inakivuruga. Kipepeo na mkono vilikuwa umbali mmoja. Kwa hiyo niliona vinyweleo vya kipepeo, na niliona mkono huo una kidole cha mwisho kilichokatika kwenye pingili ya kwanza, na kucha ya dole gumba imevilia damu. Kidole hicho msumeno ulikichukua Venance akiwa na miaka kumi na tisa. Ulikuwa mkono wake, hapana ubishi. Chini ya picha, tarehe ya Jumamosi ileile, na saa: 04:12.

Hapo ndipo nilipojiona nina akili. Kwenye picha jua linawaka, kwa hiyo haiwezi kuwa saa kumi alfajiri. Basi mzee alipotega saa ya kamera yake alichanganya asubuhi na jioni, wazee wengi hukosea hapo. Picha imepigwa saa kumi na dakika kumi na mbili jioni, moto ulishawaka na kuzimwa. Na kama Venance alishika tawi jioni, kwa nini aseme asubuhi? Nikaandika kwenye faili kwamba mtu asiye na hatia hahamishi saa. Mkuu wangu wa upelelezi, Afande Projestus, akaipigia mstari sentensi ile. Nilitembea nayo kifua mbele wiki nzima.

Mzee Masoud aliomba aione hiyo picha. Nikasaini daftari la vielelezo, nikaitoa kamera kwenye mfuko wake, nikamfungulia.

Aliisogeza karibu na uso. Kisha akatoa leso akajifuta lile jicho jipya. Akaniambia hii ndiyo mara yake ya kwanza kuiona. Siku ile alipiga akiwa nusu kipofu, kamera yenyewe ndiyo iliyotafuta shabaha, yeye kazi yake ilikuwa kubonyeza na kuomba Mungu tawi litulie. Ndiyo maana alimhitaji fundi. Vipepeo amewapenda tangu mkewe alipofariki na kumwachia ule mndimu. Kuwasogelea huwezi, wakiona kivuli chako wamekwenda, ndipo mwanawe akamnunulia lenzi ndefu asimame hatua tatu na bado awaone mpaka macho.

"Alhamdulillahi," akasema. "Kumbe alikuwa mzuri hivi. Tazama, bawa la chini bado lina mikunjo. Katoka kifukoni hana saa moja huyu."

Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba hilo lilikuwa jioni.

"Jioni gani? Huyu hatoki jioni, mwanangu. Huyu hutoka asubuhi, apate jua la kukaushia mabawa. Atoke jioni usiku umkute hajaweza kuruka? Mijusi si watamla?"

Nikamjibu kwamba tabia za wadudu si ushahidi mahakamani. Akasema sawa, mahakama ni yangu, lakini mndimu ni wake, na kuna kifuko kingine kimeanza kuwa cheusi, kesho kitapasuka. Akanikaribisha. Alipoondoka niliangalia zile kashata zilizobaki nikakosa hamu.

Mchana ule ule alipita Loveness, mke wa Venance. Alipitaga kila wiki akienda Segerea na hotipoti yake, kuuliza kama upelelezi umekamilika. Nami kila wiki nilimjibu bado, naye kila wiki aliniambia ahsante afande kwa kunisikiliza. Hakuwahi kuniinulia sauti. Siku zote nilizipokea ahsante zake bila kuzitazama, ila Jumatano ile nilisimama dirishani nikamwangalia mpaka akapanda daladala. Ijumaa kesi ilikuwa inatajwa tena.

Alhamisi saa moja na nusu asubuhi nilikuwa Tandika, na kamera nimeisainia. Ua wa mzee ni mdogo, umefagiliwa, mndimu katikati. Mlango mpya wa mninga umeegeshwa ukutani, na pale ulipotakiwa kufungwa imening'inizwa khanga. Mzee akaweka kamera juu ya stuli, lenzi akailaza kwenye mfuko wa choroko ili isitetereke, akanipa kigoda. Akanionyesha kifuko kwenye kijiti, kimekuwa cheusi na ukikitazama vizuri unaona rangi ya mabawa kwa ndani.

Nikasubiri. Nimewahi kuvizia wezi wa pikipiki siku mbili bila kula, lakini kuvizia kifuko cha kiwavi ni kazi nyingine, maana hakina hata wasiwasi. Saa tatu kasoro dakika kumi kwa simu yangu kikapasuka. Akatoka kidudu kilicholowa, mabawa kama karatasi iliyofinyangwa, akapanda kijiti akaning'inia. Mabawa yakaanza kunyooka polepole. Nilipoona ile mikunjo kwenye bawa la chini, ileile ya kwenye picha, nilisogeza kigoda karibu.

Hata hivyo nilijiambia kipepeo mmoja si sheria. Labda wengine wanatoka jioni. Labda mzee anampendelea fundi wake. Mpelelezi akishakosea mara moja huwa mbishi mara mbili.

Mzee akaingia ndani kuleta kahawa, nami nikamfuata kunawa mikono. Sebuleni kwake kuna saa kubwa ya ukutani. Nikaitupia jicho. Mshale mfupi uko kwenye tatu, mrefu umeiacha kumi na mbili kidogo. Nikatazama simu yangu, 9:05. Nikadhani betri ya saa imekufa. Lakini mshale mwembamba ulikuwa unazunguka bila matatizo.

Nikamuuliza mzee kama anajua saa yake imekosea.

"Imekosea nini? Saa tatu na dakika tano. Wewe unasemaje?"

"Saa tatu na dakika tano."

"Haya. Na mshale uko wapi?"

Ulikuwa kwenye tatu. Mie nimezaliwa Bukoba, nikasomea saa ya shuleni, mshale unaenda kwenye tisa nami kinywa kinasema tatu, sijawahi kujiuliza. Mzee akasema huo ndio upuuzi ambao baba yake hakuukubali na yeye hataukubali, mshale useme hivi na ulimi useme vile. Saa zote za nyumba ile zinasema kweli. Ya sebuleni, ya chumbani, ya mkononi. Akanyoosha mkono nikaona.

"Na ya kwenye kamera, mzee?"

Akanishangaa kama nimemuuliza iwapo maji yanalowesha. "Kamera nayo si ina saa?"

Nilitoka uani nikaifungua kamera. Nikatafuta mahali pa saa. 03:06. Simu yangu 9:06. Tofauti saa sita kamili, wala si dakika. Kulinganisha saa ya kifaa na saa yako ni jambo la kwanza unalofundishwa chuoni, kabla hata hujafundishwa kumfunga mtu pingu. Nililiruka, kwa sababu nilikuwa na sentensi nzuri ya kuandika.

Sikuridhika. Nikarudi nyuma kwenye picha nyingine, ambazo siku zote thelathini na tisa sikuzitazama kwa kuwa ni za wadudu tu. Chini ya tarehe ya Ijumaa, siku moja kabla ya moto, kulikuwa na nondo mkubwa kwenye taa ya kibarazani, giza totoro nyuma yake. Saa ya picha ilikuwa 22:40. Kwa hesabu yangu ya mwanzo, ya kugeuza usiku kuwa mchana, hiyo ni saa nne na dakika arobaini asubuhi, na saa hiyo Dar haina giza. Kwa saa ya mzee, ambayo kamera ilikuwa imeendelea kuihesabu mbele, ni saa kumi na dakika arobaini alfajiri, kuamkia Jumamosi. Nondo hakuwa na maelewano na Venance. Yeye hata hamjui.

Nikasogea mbele, Jumamosi. Picha tisa za kipepeo yuleyule, na katika tisa hizo mkono upo. Ya kwanza 03:41, ya mwisho 04:33. Na kati yake, 04:12 na 04:18. Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, na saa nne na dakika kumi na nane. Suleiman alipiga simu saa nne na robo, akimwona mtu anakimbia Keko. Dakika tatu kabla na dakika tatu baada, mkono wenye kidole kilichokatika ulikuwa Tandika umeshika tawi la mndimu.

Nilikaa chini kwenye kile kigoda. Mzee akaja na kahawa, akaniona, akaiweka chini pole pole. Nikamwambia kwamba Venance alisema kweli tangu neno la kwanza na mie ndiye niliyemfunga. Hakunilaumu. Alinisogezea kikombe akasema ninywe, kahawa ikipoa haina faida, na watu wa ndani wanatolewa na watu waliokunywa.

Nikiwa nakunywa kipepeo akafungua mabawa mara mbili, akaruka. Nilimshukuru, jamani. Nilimshukuru kwa sauti, mzee akisikia, wala sikuona haya.

Afande Projestus alinisikiliza akiwa amesimama. Akauliza maswali matatu tu. Nani mwingine ameiona saa ya kamera? Nikamwambia Wahiba, aliitwa kutoka dukani na amesaini. Mzee hakuibadilisha tangu arudi? Nikamwonyesha daftari, kamera haikuguswa isipokuwa mbele yangu. Mtu mwingine hawezi kuwa na mkono ule? Nikamwonyesha picha ya mkono tuliyoipiga sie wenyewe siku ya kumkamata, kucha ileile imevilia damu palepale.

Akaketi. Akatafuta kwenye faili ile sentensi aliyoipigia mstari, akaitazama.

"Hii tuliipenda wote wawili," akasema. "Andika maelezo mapya. Na kosa liandike kwa jina lako, usiandike 'ilikosewa'."

Nikaandika. Sikulinganisha, nilidhani, nilikosea. Mstari mmoja, lakini kalamu ilikuwa nzito. Naye akampigia simu wakili wa serikali mbele yangu, akasema sehemu ya kosa ni yake.

Ijumaa mahakamani wakili akasimama akasema Jamhuri haina nia ya kuendelea na shauri dhidi ya mshtakiwa. Hakimu akamwambia Venance yuko huru, na kamera irudishwe kwa mwenyewe. Venance akabaki amesimama kizimbani, akageuka kumwangalia askari kama anaomba ruhusa ya kuamini. Loveness alikuwa benchi la nyuma na hotipoti yake magotini, maana hakujua kuwa siku hiyo mumewe anatoka. Hakulia. Alifungua hotipoti palepale, na karani wa mahakama akajifanya haoni.

Nje nikawafuata. Nikamwambia Venance kwamba nilisoma saa vibaya, na kwamba kucheka siku ile ndiyo dhambi yangu kubwa zaidi. Loveness akaanza, ahsante afande kwa kutu...

"Usinishukuru," nikamkatiza. "Nakuomba. Zote ulizonipa zamani nazirudisha, leo mie ndiye nasema ahsante."

Venance alikuwa amekonda, ovaroli inamwelea. Akatafuna, akameza, akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Yule kipepeo aliruka? Maana mzee aliniachia kwenda kunywa maji, niliporudi hayupo."

Nikamwambia aliruka, maana mwenzake nimemwona kwa macho yangu. Akatikisa kichwa, akasema afadhali, maana mkono ulimuuma sana siku ile. Kisha akauliza kama mlango wa mzee umeshafungwa na fundi mwingine. Nikamwambia bado umeegeshwa ukutani. Akasema basi aende, Jumamosi ile alimwahidi mzee kurudi kumalizia Jumatatu, na Jumatatu zimepita nyingi. Loveness akamwambia aende nyumbani kwanza akaoge. Akasema ataoga, lakini mlango kwanza, hataki alale na deni la neno.

Tukaenda wote watatu, na kamera nimeibeba mie. Mzee Masoud akamshika uso kwa mikono miwili akamtazama, akasema kumbe ndivyo ulivyo, mie nilikuwa nakuona ukungu tu. Loveness akageukia ukuta kidogo.

Aliyechoma ghala bado yuko mtaani na ovaroli yake ya bluu. Suleiman bado hajashika kijiko, na Jumatatu faili lile linaanza upya ukurasa wa kwanza, safari hii kwa kulinganisha saa. Lakini hilo ni la Jumatatu. Ijumaa ile Venance aliinua mlango wa mninga akaupachika kwenye fremu, akatafuta wa kumshikia apige skrubu za bawaba. Mzee mikono imezeeka, Loveness alikuwa anawasha jiko. Akanitazama.

"Afande, shika hapa. Usitikise."

Mlango wa mninga ni mzito. Mabega yaliwaka moto, jasho likaniingia machoni, na fundi yule hana haraka hata chembe. Nyuma yangu nikasikia kamera ya mzee inalia, na sikuhitaji kuuliza lenzi imelenga nini.

Nikashika mpaka skrubu ya mwisho.